Unda Protini kwa Shanga na Waya: Mwongozo Kamili wa Ngazi Nne za Muundo

Swali huwa fupi: eleza ngazi nne za muundo wa protini, na utaje bondi zinazoshikilia kila ngazi. Wanafunzi wa uuguzi na wa maabara wanaokuja kwangu tuisheni hapa Umoja hulijibu kwa ukurasa mzima, kisha wanaambulia alama mbili kwa nane.

Majina wanayajua vizuri. Kinachowaangusha ni kutojua kitu gani kimeshika nini. Utasoma "ngazi ya pili hushikwa na makundi R", na mistari miwili chini yake "yai likichemshwa, bondi za peptaidi hukatika". Yote mawili ni makosa, na kukariri zaidi hakuyaondoi. Protini ni mnyororo wa asidi amino: bondi ya peptaidi huunganisha moja na inayofuata, na kundi R ni sehemu ya pembeni inayotofautisha asidi amino moja na nyingine.

Basi leo tuweke daftari kando. Tutaunda protini ndogo ya shanga 36, kila shanga ikiwa asidi amino moja, tutaikunja hadi mwisho, halafu tutaivuruga makusudi. Tenga saa mbili na meza ambayo watoto hawataigusa. Kila hatua jiulize jambo moja tu: hapa pameshikwa na nini?

## Vitu vya kutafuta kwanza

Waya wa umeme wa 1.5 (milimita za mraba), mita moja. Mwambie mwenye hadiwea unataka ule wenye shaba moja nene ndani, usio wa nyuzi nyingi. Ule wa nyuzi nyingi haukai ukiupinda.

Shanga za milimita 6 hivi: njano 13, nyeupe 18, nyekundu 2, kijani 2, bluu 1. Maduka ya River Road yanazo za kila rangi. Nenda na kipande cha ile shaba mfukoni ujaribu tundu hapo hapo dukani. Wengi hununua pakiti nzima, wakifika nyumbani waya haupiti.

Uzi wa kushonea, penseli ya kawaida, koleo, mkasi, raba bendi mbili au tatu, selotepu, skrubu moja na rangi ya kucha ya njano. Kwa jaribio la mwisho utahitaji pia yai moja, maji moto na spiriti ya kusafishia vidonda.

Maana ya rangi, uiandike kwenye karatasi uibandike mbele yako: njano ni asidi amino ambazo kundi R lake hukimbia maji. Nyekundu ina chaji hasi, bluu ina chaji chanya. Kijani ni sisteini, yenye salfa. Nyeupe ni zile nyingine zisizo na shida na maji.

## Hatua ya 1: Vua waya, kata maganda

Kata ganda la plastiki kila sentimita tano, livute litoke, ubaki na shaba tupu. Kata shaba ya sentimita 60 uiweke kando. Maganda yakate vipande vya milimita 6. Unahitaji 35.

Kila kipande cha ganda ni bondi ya peptaidi. Nimechagua ganda kwa sababu ni gumu kidogo: bondi ya peptaidi yenyewe haizunguki ovyo, na mnyororo hupata kona zake pale penye asidi amino. Kwa hiyo utakapokuwa unapinda, pinda kwenye shanga, usipinde katikati ya ganda.

Tahadhari: waya uwe mpya kutoka dukani. Usikate waya wowote uliofungwa ukutani, hata kama unaamini stima imepotea.

## Hatua ya 2: Tunga mnyororo, nayo ndiyo ngazi ya kwanza

Kunja ncha moja ya shaba iwe kitanzi. Huo ni mwanzo, upande wenye kundi la amino. Tunga shanga ya 1, ganda, shanga ya 2, ganda, hivyo hivyo hadi 36. Mpangilio ni huu:

Kijani: namba 1 na 30.
Njano: 4, 7, 8, 11, 14, 15, 18, 24, 26, 28, 31, 33, 35.
Nyekundu: 6 na 36.
Bluu: 20.
Zilizobaki zote nyeupe.

Ncha ya mwisho ipinde kidogo tu shanga zisichomoke. Huo ni upande wa kaboksili.

Sasa hesabu. Shanga 36, maganda 35. Kila asidi amino mbili zinapoungana, molekuli moja ya maji hutoka, kwa hiyo hapa yametoka maji 35. Swali la kuhesabu bondi hupenda kutegea hapo: jibu huwa pungufu ya asidi amino kwa moja, mradi mnyororo ni mmoja na haujajifunga duara.

Ngazi ya kwanza ndiyo hii na haina kingine: orodha ya asidi amino kwa zamu yake, ikishikwa na bondi za peptaidi. Umbo bado hatujaligusa. Orodha ina mwelekeo vilevile. Glaisini ikifuatwa na alanini si kitu kimoja na alanini ikifuatwa na glaisini, kama vile "kata" na "taka" ni maneno mawili.

Umefaulu kama unaweza kunyoosha waya mezani na kuusoma kutoka kitanzi hadi mwisho bila kukosea namba hata moja. Ukikosea hapa, hatua ya 5 itakataa kabisa, na utanilaumu mimi.

## Hatua ya 3: Zungusha heliksi ya alfa

Shika penseli. Zungushia shanga za 1 hadi 18, mizunguko mitano kamili. Kila mzunguko uchukue shanga 3.6, na kati ya mzunguko na mzunguko acha kama sentimita moja na nusu.

Vipimo hivi havikutoka hewani. Katika heliksi halisi mzunguko mmoja una asidi amino 3.6 na hupanda nanomita 0.54. Kwa shanga na maganda ya milimita 6, unachoshika mkononi ni protini iliyokuzwa kama mara milioni 30, na penseli ya kawaida inatoa unene unaokaribia ule wenyewe.

Kabla ya kuichomoa penseli, weka skrubu kando yake. Mizunguko ya heliksi yako ielekee upande uleule wa meno ya skrubu. Ikielekea kinyume, umezungusha kushoto. Fungua uanze upya. Heliksi za alfa katika protini huzunguka kulia, na karibu nusu ya wanafunzi wangu huanza kwa kushoto bila kujua.

Chomoa penseli polepole. Sasa zamu ya uzi. Funga uzi kutoka ganda linalofuata shanga ya 1 hadi ganda linalotangulia shanga ya 5. Kisha 2 na 6, 3 na 7, mpaka 14 na 18. Nyuzi 14 kwa jumla. Kazi hii inachosha macho. Ukifunga nane na ukaelewa, zinatosha.

Kila uzi ni bondi ya haidrojeni, kati ya oksijeni ya kundi la kaboni-oksijeni la asidi amino moja na haidrojeni ya kundi la naitrojeni-haidrojeni la asidi amino ya nne mbele yake. Tazama ulipofunga: kwenye ganda. Hukufunga kwenye shanga. Ganda ni uti wa mgongo wa mnyororo, na rangi ya shanga ni kundi R. Ngazi ya pili ni kazi ya uti wa mgongo peke yake. Yule aliyeandika "makundi R" alipoteza alama zake hapa.

Uzi mmoja ukiuvuta unakatika. Nyuzi 14 pamoja zinazuia heliksi isifunguke. Ndivyo bondi za haidrojeni zilivyo, dhaifu moja moja, nyingi zikawa na nguvu.

Sasa itazame heliksi kwa kichwa chake, kama unayechungulia ndani ya bomba. Mwanafunzi mmoja alikaa kimya akiigeuzageuza, halafu akauliza, "Mwalimu, mbona njano zote zimeenda upande mmoja?"

Kwenye mnyororo ulionyooka njano zilikuwa zimetawanyika, 4, 7, 8, 11, 14, 15, 18, bila mpango unaoonekana. Zikizungushwa kwa 3.6, zinajipanga mstari kwenye ubavu mmoja. Orodha ya ngazi ya kwanza ilikuwa imeshaamua jambo hilo kabla hujaishika penseli. Kama zako hazikujipanga, hesabu mizunguko tena. Mara nyingi utakuta ni minne au sita.

## Hatua ya 4: Kunja bapa la beta

Shanga za 19 hadi 22 ni kona. Ziache zilegee. Kisha nyoosha shanga 23 hadi 28 ziwe mkanda mmoja, pinda kwa ukali kwenye 29 na 30, urudishe 31 hadi 36 sambamba na mkanda wa kwanza lakini zikielekea kinyume. 28 itazamane na 31, 26 na 33, 24 na 35.

Usiziache bapa kabisa. Pinda juu na chini kwenye kila shanga mpaka lipatikane umbo la bati la paa: mgongo, bonde, mgongo, bonde. Njano zikae kwenye migongo, nyingine kwenye mabonde. Halafu funga uzi kati ya kila ganda la mkanda mmoja na ganda linalolikabili la mkanda wa pili.

Uzi ni uleule, bondi ni ileile ya haidrojeni, na bado imeshika uti wa mgongo. Tofauti na heliksi ni kwamba hapa inavuka kutoka mkanda hadi mkanda. Heliksi na bapa zote ni ngazi ya pili, na mnyororo mmoja unaweza kuwa na zote mbili kama huu wako. Watu huandika kana kwamba protini huchagua moja.

## Hatua ya 5: Kunja yote pamoja, ngazi ya tatu

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nenda taratibu.

Ilaze heliksi juu ya bapa, ubavu wenye njano ukitazama migongo yenye njano. Zikutane katikati kama nyama ndani ya mkate. Nyeupe na nyekundu ya namba 6 zibaki nje.

Zungushia raba bendi. Usifunge uzi kwenye njano hata kidogo. Njano hazivutani kwa bondi ya kufungwa. Ni maji yaliyo nje yanayozisukuma zijifiche ndani, kama mafuta yanavyojikusanya juu ya mchuzi. Raba bendi ni hayo maji. Ukiitoa, kila kitu kinalegea ingawa hujakata chochote.

Sasa bluu ya 20 na nyekundu ya 36. Ziko karibu karibu, kwenye upande wa kona. Zisogeze zigusane, uzibandike kwa selotepu. Hiyo ni bondi ya ayoni, chanya na hasi.

Mwisho, kijani ya 1 na kijani ya 30. Chukua kipande cha shaba cha sentimita nne, kipitishe kwenye zote mbili, ukisokote kwa koleo. Hilo ni daraja la salfa, yaani bondi ya disalfaidi. Nimetumia shaba kwa sababu hii ni bondi ya kovalenti, yaani atomu zinashirikiana elektroni, ngumu kuliko nyuzi zote ulizofunga.

Ukitaka kuona tofauti ya uzi na shaba kwa macho, nenda Kenyatta Market ukakae dakika kumi kwa wasusi. Nywele zikipigwa blou-drai zinanyooka, mvua ikinyesha kabla hujafika stejini zinarudi zilivyokuwa: bondi za haidrojeni za keratini, protini ya nywele, zilifunguliwa na joto na maji, zikajifunga upya. Nywele zilizotiwa ritachi hazirudi. Dawa ile imevunja madaraja ya salfa, na ndiyo maana unangojea mpya ziote kutoka kwenye ngozi.

Umefaulu ikiwa unaweza kuiangusha protini yako mezani kutoka urefu wa shubiri moja nayo isifunguke, na ukichungulia ndani uone njano tupu.

Jambo moja kuhusu mpangilio wetu. Sisi tumemaliza ngazi ya pili ndipo tukaanza ya tatu kwa sababu mikono ni miwili. Ndani ya seli haziendi kwa zamu namna hiyo. Mnyororo unaweza kuanza kujikunja hata kabla ribosomu haijamaliza kuutengeneza. Usiandike kwenye karatasi kwamba ngazi moja husubiri nyingine.

## Hatua ya 6: Ngazi ya nne, kama ipo

Kwa hatua hii unahitaji wenzako watatu walio na mifano yao. Zikusanye nne, mbili uziite alfa, mbili uziite beta, uzifunge kwa raba bendi kubwa.

Himoglobini ya mtu mzima iko hivyo: minyororo miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja, miwili ya beta yenye 146. Jumla 574. Kila mnyororo umebeba himu yake yenye chuma, kwa hiyo molekuli moja ya himoglobini hubeba molekuli nne za oksijeni.

Bondi za hapa ni zilezile za ngazi ya tatu, ila sasa zimetoka mnyororo mmoja kwenda mwingine. Hakuna bondi mpya ya kukariri.

Protini yenye mnyororo mmoja huishia ngazi ya tatu, na haina kasoro yoyote. Mayoglobini ya kwenye misuli ni mnyororo mmoja wa asidi amino 153, nayo hufanya kazi yake bila ngazi ya nne. Ukiandika "kila protini ina ngazi nne", umekosa.

Na insulini? Iache kwenye swali hili. Ina minyororo miwili, wa 21 na wa 30, lakini ilizaliwa ikiwa mnyororo mmoja mrefu zaidi ambao kipande cha katikati kilikatwa, na miwili hiyo imebaki imeshikwa na madaraja mawili ya salfa. Ukiileta kama mfano wa ngazi ya nne utazua ubishi na msahihishaji. Himoglobini haina ubishi.

## Hatua ya 7: Ivuruge

Gawanya ute mweupe wa yai kwenye glasi mbili. Kwenye ya kwanza mimina maji yaliyotoka kuchemka. Kwenye ya pili mimina spiriti vijiko viwili, mbali na jiko, maana spiriti inashika moto. Zote mbili zitageuka nyeupe na kuganda. Usile ya pili.

Kuna aliyeniuliza kama Nairobi maji yana joto la kutosha, kwa kuwa tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari na yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yanatosha. Ute huanza kushikana ukipita nyuzi 60.

Sasa fanya hivyo kwa protini yako. Toa raba bendi, bandua selotepu, kata nyuzi zote kwa mkasi. Nyoosha. Daraja la salfa liache. Joto la jikoni peke yake si njia ya kutegemea kulivunja.

Soma mnyororo kutoka kitanzi: 1 kijani, 4 njano, 6 nyekundu. Shanga zote ziko pale pale, maganda 35 bado 35. Ngazi ya nne, ya tatu na ya pili zimevurugika, ya kwanza haijaguswa. Hiyo ndiyo dinaturesheni. Ute umekuwa mweupe kwa sababu njano zilizokuwa zimejificha zimetoka nje, zikanaswa na njano za minyororo ya jirani, mpaka kila mmoja ukashikana na mwenzake.

Kukata ganda lenyewe ni kazi nyingine, ya maji yakisaidiwa na pepsini tumboni na tripsini kwenye utumbo mwembamba. Jina lake ni haidrolisisi. Yai la kuchemsha limevurugwa. Yai ulilolila jana limekatwa.

Wengine hupenda kutoa maziwa lala kama mfano. Mimi huwashauri wasifanye hivyo. Kasini, protini kubwa ya maziwa, haina umbo lililokunjwa sana tangu mwanzo, na asidi huifanya ishikane zaidi kuliko inavyoifungua. Yai linaonyesha jambo lenyewe wazi.

## Hatua ya 8: Badilisha shanga ya 6

Funga nyuzi zako tena, au omba mfano wa mwenzako ambao haujavurugwa. Paka shanga nyekundu ya namba 6 rangi ya kucha ya njano. Acha ikauke.

Tazama ilipo: nje, mbali na njano nyingine. Sasa kuna doa linalokimbia maji mahali ambapo maji yamejaa, na halina pa kujificha. Umbo la protini yako halijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba ina mahali pa kunata.

Sikuichagua namba 6 kwa bahati. Kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, asidi ya glutamiki iliyo nafasi ya 6 ikibadilishwa na valini, matokeo ni selimundu, ugonjwa unaojulikana sana Nyanza, Magharibi na Pwani. Himoglobini ikishaachia oksijeni, doa lile hunasa kwenye molekuli ya jirani, nayo kwa nyingine, hadi zinakuwa nyuzi ndefu zinazoikunja seli nyekundu iwe kama mundu. Asidi amino moja kati ya 146.

Mwanafunzi wa uuguzi aliyewahi kushinda wodini na mtoto mwenye maumivu ya selimundu hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Mmoja wa aina hiyo aliishika shanga ile kwa vidole viwili, akasema, "Kumbe ni hii tu?"

## Kuandika jibu

Kwa kila ngazi andika vitu vitatu kwa mpangilio huu: ni nini, imeshikwa na nini, mfano. Kwa ngazi ya pili, kwa mfano: "Sehemu za mnyororo hujizungusha kuwa heliksi ya alfa au hujipanga kuwa bapa la beta. Hushikwa na bondi za haidrojeni kati ya makundi ya uti wa mgongo. Mfano ni heliksi za keratini ya nywele." Basi. Usiongeze kundi R kwenye sentensi hiyo hata mkono ukikuwasha.

Kwa ngazi ya tatu taja zote nne: kukimbia maji, haidrojeni (ambayo mfano wetu haukuionyesha kwenye ngazi hii), ayoni, disalfaidi, na useme ni kati ya makundi R. Wengi hutaja disalfaidi peke yake kwa sababu jina lake linasikika kubwa, wanapata alama moja.

Swali likiuliza kuhusu joto au asidi, anza na kile ambacho hakikuvunjika: "Bondi za peptaidi hubaki." Ndipo uendelee na zilizovunjika.